Kwa Nini Gari Halivuti? Pima Kwanza, Badili Baadaye

Tuchukue mfano wa familia ya mwalimu mmoja wa fizikia wa Dar es Salaam. Shule zimefungwa, na familia inajiandaa kwenda Mbeya kuwasalimu wazee. Gari lao ni la aina ambayo imeenea sana mijini siku hizi: gari la familia lililonyanyuka, lenye injini ya petroli ya lita 2, giaboksi ya otomatiki, na nafasi ya watu watano pamoja na mizigo yao. Asubuhi linawaka bila taabu, wala halitoi moshi mweusi. Lakini kwa majuma kadhaa dereva akikanyaga mafuta ili alipite lori, gari husita kama mtu aliyezibwa pua, na mshale wa mwendo hupanda polepole mno. Kama wasemavyo mafundi, gari halivuti.

Fundi wa kwanza alibadili plagi. Wa pili alibadili pampu ya petroli. Wa tatu alisikiliza kidogo, akafunika boneti, akasema: “Mwalimu, hapa dawa ni moja tu. Tuyatoe masega.” Fedha za safari zimekwisha pungua, na gari ni lile lile.

Mfano huu tumeutunga, lakini hapana shaka wasomaji wengi wataitambua hali hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kutafuta ubovu wa injini hakuna tofauti na kazi ifanywayo katika maabara ya shule: kuzitazama dalili, kubuni dhana, kuipima dhana hiyo, kisha kuikubali au kuikataa. Anayebadili vipuri bila kupima hafanyi jaribio. Anacheza bahati nasibu kwa fedha za mwenye gari.

Gharama ya sekunde sita

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani gari likichelewa kidogo kuongeza mwendo? Hesabu ifuatayo itatoa jibu.

Gari letu pamoja na abiria na mizigo lina tungamo la kilo 1,800. Liko nyuma ya lori, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, na dereva anataka kufikia kilometa 90 kwa saa ili apite. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi. Tukizigeuza kasi hizo kuwa mita kwa sekunde tunapata 16.7 na 25, na nishati inayotakiwa kuongezwa ni karibu kilojuli 312. Ikiwa injini, baada ya kuushinda upinzani wa hewa na wa matairi, inabakiwa na kilowati 50 za kuongezea mwendo, kazi hiyo itakwisha kwa sekunde 6 na robo. Ikibakiwa na kilowati 25 tu, itachukua sekunde 12 na nusu.

Sasa tufikirie gari jingine linalokuja kutoka mbele kwa kilometa 80 kwa saa. Katika zile sekunde 6 na robo za ziada, magari hayo mawili hukaribiana kwa takriban mita 270, yaani urefu wa viwanja viwili na nusu vya mpira wa miguu. Muda wote huo dereva wetu yuko upande usio wake. Kwa hiyo, mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde, si jambo la fahari ya dereva. Ni sehemu ya usalama, sawa na breki. Gari ambalo limepoteza nguvu lisitumiwe kupita magari mengine hadi chanzo kijulikane.

Injini ni pampu ya hewa

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuendesha injini ya mapigo manne, na injini nyingi za petroli za leo bado zinafuata kanuni yake. Pistoni hushuka na kuvuta hewa na petroli. Hupanda na kuvigandamiza. Cheche huwasha mchanganyiko huo, nao huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni wingi wa hewa itumikayo. Ili petroli iungue barabara, kila kilo moja huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli, yenye uzito upatao robo tatu ya kilo, huhitaji hewa karibu lita 9,000. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika ingevuta lita 4,000 za hewa kila dakika kama silinda zingejaa kabisa kila mara. Hewa hiyo ikishatumika hutoka ikiwa na joto kali. Kwa nyuzi 600 za Selsiasi, gesi huchukua nafasi karibu mara tatu ya ile iliyokuwa ikichukua katika joto la kawaida, na yote hayana budi kupita katika bomba moja la moshi.

Kwa hiyo injini yenye afya inahitaji mambo matano: hewa ya kutosha, petroli ya kutosha, cheche kwa wakati wake, mgandamizo mzuri ndani ya silinda, na njia wazi ya kutolea moshi. Likikosekana moja, gari halitavuta. Dalili ni moja, vyanzo ni vingi. Ndiyo maana kukisia hakufai.

Ni ubovu, au ni mwinuko?

Kabla ya kulitafutia gari ugonjwa, yafaa tuhakikishe kwamba linaumwa kweli. Msafiri atokaye Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, hupanda mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa, na mwishoni huingia Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Huko densiti ya hewa ni kama asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Kila mara pistoni ishukapo huvuta ujazo ule ule, lakini ndani yake mna oksijeni pungufu. Injini isiyo na tabo ya kusukumia hewa, ambayo pwani hutoa kilowati 100, Mbeya itatoa takriban kilowati 85. Hakuna fundi awezaye kuitibu hali hiyo, kwani hakuna kilichoharibika.

Mzigo nao una hesabu yake. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 uhusiano ambao leo tunauandika hivi: kani ni tungamo mara mchapuko. Gari la kilo 1,500 likipakia watu na mizigo ya kilo 300, kwa kani ile ile mchapuko wake hupungua kwa sehemu moja ya sita. Na likipanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, karibu kilowati 20 hutumika kulinyanyua tu.

Basi swali la kwanza la kumwuliza dereva ni hili: je, gari lilianza kuwa zito pale pale Dar es Salaam, likiwa na dereva peke yake, katika barabara ya tambarare? Kwa gari la mwalimu jibu ni ndiyo. Mwinuko na mzigo vimeondolewa katika orodha, na hatujatumia hata senti.

Injini dhaifu, au gari linazuiwa?

Hatua ya pili ni kutenganisha injini na vyombo vilivyo baada yake. Pengine injini ni nzima, ila nguvu zake hupotea njiani.

Breki zinazobana ni mfano mzuri. Gari likiwa mahali pa tambarare, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiliwa, watu wawili waweze kulisukuma bila kuhangaika sana, huku mtu wa tatu akiwa ameketi kwenye usukani tayari kukanyaga breki. Baada ya safari fupi, mtu akaribishe kiganja karibu na kila gurudumu pasipo kuligusa. Gurudumu moja likitoa joto kali kuliko mengine, breki yake haiachii.

Giaboksi nayo huchunguzwa kwa kuitazama saa ya mizunguko ya injini. Ikiwa dereva anakanyaga mafuta na mizunguko inapanda upesi lakini gari haliendi, giaboksi inateleza, na huenda mafuta yake yamepungua au yamechakaa. Hata hivyo, tahadhari yahitajika: zipo giaboksi zitumiazo mkanda wa chuma badala ya gia zenye meno, na hizo kwa kawaida huiacha mizunguko ipande kwanza kisha mwendo ukafuata. Ikiwa mizunguko yenyewe ndiyo isiyotaka kupanda, lawama iko kwenye injini au breki.

Katika gari letu magurudumu yote yana joto linalolingana, na mizunguko haipandi. Tumebakiwa na injini.

Hewa, petroli na cheche

Ukaguzi huanza na kilicho rahisi na kisicho na gharama. Kichujio cha hewa hutolewa katika sanduku lake na kutazamwa mbele ya mwanga. Katika barabara za vumbi huweza kuziba mapema kuliko muda ulioandikwa kitabuni. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu jambo hili. Katika magari yenye kompyuta, kichujio kilichoziba hakikuongeza ulaji wa petroli kwa kiasi cha maana, lakini kiliharibu mchapuko. Kukibadili kulipunguza muda wa kuongeza mwendo kwa takriban asilimia 6 hadi 11. Sababu ni kwamba kompyuta hupima hewa iingiayo na kutoa petroli inayolingana nayo. Hewa ikipungua, petroli nayo hupunguzwa, na dereva hupewa nguvu pungufu.

Kipimo hicho cha hewa hufanywa na sensa yenye waya mwembamba au utando uliopashwa moto. Hewa ipitayo huupoza, na kutokana na umeme utakiwao kuurudishia joto, kompyuta hujua ni hewa kiasi gani imepita. Vumbi likiganda juu yake, sensa hutoa habari za uongo, na petroli hutolewa chini ya kiasi. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Isifutwe kwa kitambaa wala kuguswa kwa kidole.

Upande wa moshi kuna sensa nyingine, ya oksijeni, inayoieleza kompyuta kama mchanganyiko una petroli nyingi au chache. Kutokana na habari hizo kompyuta huongeza au hupunguza petroli, na masahihisho hayo husomeka kwa asilimia katika mashine ya kupimia magari. Masahihisho madogo ni ya kawaida. Lakini kompyuta ikiwa inaongeza, mathalani, asilimia 20, jambo fulani si sawa. Ongezeko likiwa kubwa injini inapounguruma bila kukanyagwa, na kupungua mizunguko ikipanda, aghalabu kuna hewa inayopenya katika mpira uliopasuka baada ya sensa. Likizidi gari linapobeba mzigo, shaka huangukia pampu ya petroli, kichujio chake, au ile sensa ya hewa. Kabla ya kununua pampu, fundi hufunga geji na kuulinganisha msukumo wa petroli na kiasi kilichowekwa na mtengenezaji. Mwalimu wetu aliuziwa pampu pasipo geji kufungwa.

Mashine ya kupimia husoma pia namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta. Marekani iliyataka magari madogo yote kuwa na mfumo wa namna moja wa kujipima kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayaufuati mfumo huo kikamilifu, hivyo huhitaji mashine yake.

Katika gari la mwalimu zilikutwa namba mbili: P0302, maana yake silinda ya pili inakosa kuwaka, na P0420, maana yake masega hayafanyi kazi ipasavyo. Yafaa ieleweke kwamba namba hizi hazitaji kipuri kibovu. Hutaja dalili tu. Silinda ya pili yaweza kukosa kuwaka kwa sababu ya plagi, koili, nozeli ya petroli, au mgandamizo hafifu.

Hapa ndipo jaribio zuri lilipofanyika. Koili ya silinda ya pili ilihamishiwa silinda ya tatu, na ya tatu ikahamishiwa ya pili. Hakuna kingine kilichoguswa. Namba zilifutwa na gari likaendeshwa. Namba iliyorudi ilikuwa P0303. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili. Plagi, nozeli na mgandamizo vilibaki mahali pao, kwa hiyo vimeachiliwa huru. Koili mpya moja ilifungwa, na injini ikaacha kumisi.

Njia ya kutokea

Lakini gari bado halikuvuta sawasawa. Huu ndio wakati ambao wengi hukata tamaa, na ndio wakati wa kuikumbuka namba ya pili.

Masega ni chombo kilichomo katika bomba la moshi, chenye maelfu ya vitundu vidogo kama sega la nyuki. Ndiyo asili ya jina lake. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini adimu ya platini, paladi na rodi, ambayo huchochea mabadiliko ya kikemia: kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kaboni dioksidi, oksidi za nitrojeni hugeuzwa nitrojeni, na mabaki ya petroli hugeuzwa maji na kaboni dioksidi. Chombo hiki kilianza kutumika kwa wingi Marekani katika magari ya mwaka 1975. Petroli yenye risasi hukiharibu, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Kwa kawaida masega hudumu miaka mingi. Lakini silinda isipowaka, petroli mbichi hufika kwenye masega na kuungulia huko. Joto huzidi kiasi, vitundu huyeyuka na kuzibana, na moshi hukosa njia. Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya.

Dhana hii hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni geji ya ombwe, ifungwayo kwenye bomba la kuingizia hewa. Karibu na usawa wa bahari, injini nzima ikinguruma bila kukanyagwa huonyesha takriban milimita 430 hadi 560 za zebaki. Ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 na kushikiliwa hapo, mshale huyumba kidogo kisha hutulia. Moshi ukiwa umezibwa, mshale huendelea kushuka polepole. Njia ya pili ni kuifungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, injini ikiwa imepoa, na kufunga geji ya kanieneo katika tundu lake. Kwa mizunguko 2,500, magari mengi ya kawaida hayazidi takriban kilopaskali 20. Katika mfano wetu geji ilionyesha 50. Ilipofungwa katika tundu lililo baada ya masega, ilionyesha kidogo sana. Kizuizi kiko kati ya matundu hayo mawili. Si mahali pengine. Vipimo hivi vifanyike nje, penye hewa, kwa maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Chanzo cha chanzo

Kumbe fundi wa tatu alikuwa amekitaja chombo chenye ubovu. Je, tuseme alikuwa sahihi? La. Kwanza, hakupima. Pili, alitaka kukitoa bila kuuliza kiliharibiwa na nini. Masega yangetolewa, gari lingevuta kidogo, koili mbovu ingebaki, petroli mbichi ingeendelea kumwagika katika bomba la moshi, taa ya injini isingezimika, na sumu ambayo chombo kile kilikusudiwa kuizuia ingevutwa na watoto wasimamao kituoni kungojea basi. Na kama mwalimu angenunua masega mapya bila kubadili koili, nayo yangeyeyuka. Tiba kamili ilikuwa kuanzia kwenye chanzo: koili kwanza, kisha masega mengine yanayofaa injini ile.

Dereva naye ana funzo lake. Katika magari yenye mfumo tulioueleza, taa ya injini ikiwaka moja kwa moja, gari lipelekwe kupimwa. Ikiwakawaka na kuzimika huku gari likitetemeka, maana yake injini inamisi kiasi cha kuyaharibu masega. Dereva apunguze mafuta mara moja na asimame mahali salama. Kilichoanza na koili moja kiliishia kwenye kipuri cha bei kubwa zaidi kwa sababu taa ile ilipuuzwa.

Zoezi kwa darasa

1. Gari la kilo 1,500 linatoka kusimama hadi mita 25 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 12.5. Tafuta mchapuko wake na kani iliyotumika. Likiongezewa kilo 300, kwa kani ile ile, litachukua sekunde ngapi kuifikia kasi hiyo?

2. Kwa nini geji ya ombwe husoma kiasi kidogo zaidi Mbeya kuliko Dar es Salaam, hata kama injini ni ile ile na ni nzima?

3. Fundi anabadili plagi, koili na nozeli kwa siku moja, na gari linapona. Je, kipuri kipi kilikuwa kibovu? Eleza jinsi ambavyo wewe ungelipanga jaribio hilo ili mwenye gari alipie kimoja tu.